Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa wa tezi dume aulizwe kuhusu sigara na mazoezi

Mheshimiwa Waziri,

Mwanamume anayekuja kliniki kwa shida ya mkojo hutolewa damu ya kipimo cha PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume), tezi yake hukaguliwa kwa kidole, na pengine hupigwa ultrasaundi. Lakini kama anavuta sigara, na kwa wiki anatembea kiasi gani, mara nyingi havionekani popote kwenye faili lake. Sisi tunaohudumia wagonjwa hawa tunaomba mwongozo wa matibabu uyaingize mambo hayo mawili katika tiba yenyewe.

Tuanze na jambo linaloelezwa vibaya kila mara. Haijathibitika kwamba sigara huanzisha saratani ya tezi dume. Hatari yake huonekana kwa mtu aliyekwisha kuugua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wenye saratani hii, ulikuta kwamba waliokuwa wakivuta wakati wa kugunduliwa walikuwa na hatari ya kufa kwayo iliyozidi ya wasiowahi kuvuta kwa asilimia 61. Waliokuwa wameacha kwa miaka 10 au zaidi walikaribiana na wasiowahi kuvuta kabisa. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa kwamba amekwisha kuchelewa kuacha ni kumnyima haki yake. Anayesubiri upasuaji hupata faida mapema zaidi: akiacha angalau wiki 4 kabla, matatizo ya kidonda na ya mapafu hupungua.

Kuna kosa jingine tungependa mwongozo ulikemee waziwazi. Mvutaji akikojoa damu, ni rahisi kuisingizia tezi iliyokua. Kemikali za tumbaku huchujwa na figo, kisha hukaa ndani ya kibofu kwa saa kadhaa. Ndiyo maana uvutaji ni chanzo kikubwa cha saratani ya kibofu. Hata damu ikitoka mara moja tu, bila maumivu, kibofu kikaguliwe kwa kamera.

Kumwambia mtu "acha sigara" na kumfungulia mlango si matibabu. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na plasta ya nikotini ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, na 7 kwa wiki 2. Hamu ikimjia ghafla, huongezewa chingamu ya nikotini, na hapa ndipo wengi hukwama kwa kukosa maelezo. Wanaitafuna mfululizo kama chingamu ya kawaida, nikotini inamezwa na mate, wanapata kwikwi na kichefuchefu, wanaitupa. Inatakiwa itafunwe polepole mpaka ladha kali itoke, iegeshwe kati ya fizi na shavu, na itafunwe tena ladha ikipungua. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo mgonjwa apigiwe simu ndani ya wiki hiyo, si kungojea miadi ya miezi mitatu. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Tunaomba zisikosekane kwenye famasi za kliniki hizi.

Mazoezi nayo yaandikwe kwa kipimo kama dawa. Shirika hilo linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri, yaani mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Asiyezoea aanze na dakika 10 kwa siku, siku 5 za wiki, na kila wiki aongeze dakika 5. Wiki ya tano atakuwa amefika dakika 30. Mwendo wenyewe una uzito: katika utafiti mwingine wa 2011, wagonjwa waliotembea kwa kasi saa 3 au zaidi kwa wiki hawakuonyesha sana dalili za saratani kuendelea, wakilinganishwa na waliotembea polepole na kwa muda mfupi zaidi. Ufuatiliaji wa namna hii hauthibitishi chanzo, lakini mazoezi hupunguza pia mafuta ya tumboni na kuulinda moyo, na moyo huua wagonjwa wengi wa tezi dume.

Wenye haja ndogo ya mara kwa mara huacha kunywa maji ili waweze kutembea. Mkojo ukikolea, kibofu huwashwa na haja huzidi. Wanywe kama kawaida mchana, wakojoe kabla ya kutoka, wapunguze vinywaji saa mbili kabla ya kulala. Aliye kwenye tiba ya homoni, yaani ya kupunguza homoni ya kiume, hupoteza misuli na mifupa, kwa hiyo aongezewe mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Saratani ikiwa imefika mifupani, mtaalamu amchagulie yasiyohatarisha kuvunjika.

Na fomu ya kipimo cha PSA iongezwe mstari mmoja: mgonjwa asiendeshe baiskeli wala asitoe shahawa kwa saa 48 kabla ya damu kuchukuliwa, kwa sababu yote mawili yanaweza kupandisha majibu na kumpeleka kwenye vipimo asivyovihitaji.

Wako katika kazi,
Wahudumu wa wagonjwa wa tezi dume