Mpango wa kisima utaje msimu wa wavuvi

Mhariri,

Kila inapotajwa habari ya kuchimba mafuta au gesi katika bahari ya Lamu, mazungumzo hukimbilia mgao: Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali, na jamii ya mahali asilimia 5. Ni haki yetu, wala siibezi. Lakini mgao huo huanza siku mafuta yanapouzwa, ilhali usumbufu huanza siku meli ya kuchimba inapowasili, na visima vingi vya utafutaji haviifikii siku ya kuuza. Kisima cha Mbawa-1, mwaka 2012, kilikuta gesi isiyotosha kibiashara. Mlima-1, kilichoanza kuchimbwa mwishoni mwa mwaka 2021, nacho hakikuleta cha kuuzwa.

Mwisho wa mwaka ni kaskazi. Bahari tulivu humfaa mchimbaji kama inavyomfaa mvuvi, na hapo ndipo penye mgongano. Mvuvi wa Kizingitini au Kiunga, ambaye wakati wa kusi hubanwa ndani ya miamba na upepo na mawimbi, huitegemea miezi hiyo michache kutoka nje, kulipa deni la mashine na kuweka akiba ya nyumba. Kisima chenyewe huenda kikawa mbali, kwenye kina ambacho jarife, wavu mkubwa wa kutega, halifiki. Kinachomgusa ni meli za huduma zinazobeba mabomba, saruji na tope la kuchimbia, zikienda na kurudi usiku na mchana. Jarife lililotegwa usiku likipitiwa na meli kama hiyo hubaki vipande vinavyoelea, na mwenyewe hajui amdai nani.

Kwa hiyo naiomba NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, isipitishe ripoti ya athari kwa mazingira ya kisima chochote hadi mpango utaje miezi ya kazi, njia za meli hizo, na kiwango cha fidia kwa kila chombo cha uvuvi, ilipwe hata kisima kikiwa kikavu. Kwa ujenzi wa bandari ya Lamu tumeona: Mahakama Kuu iliagiza mwaka 2018 wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, lakini uchimbaji wa mkondo wa meli ulikuwa umekwisha kuanza. Na vikao vya maoni vifanyike Kizingitini, Faza na Kiunga penyewe, kwa Kiswahili, ramani ya njia hizo ikiwa imebandikwa bandarini wiki kadhaa kabla, ili manahodha waisome na kuisahihisha.

Mkazi wa Kizingitini,
Lamu