Arifa zipimwe kabla hazijamfikia mwananchi

Mhariri,

Zahanati, shule na mamlaka za maji siku hizi humfikia mwananchi kwa ujumbe mfupi unaotoka kwenye mifumo ya mtandaoni. Tunaomba nafasi tuseme na wenzetu wanaoandika mifumo hiyo, pamoja na wanaoinunua, kuhusu kupima arifa. Mara nyingi jaribio la kiotomatiki, yaani programu ndogo inayoukagua mfumo, huuliza jambo moja tu: je, amri ya kutuma ilitolewa? Jaribio la namna hiyo hufaulu hata ujumbe ukiwa mtupu, au ukiwa umekwenda kwa mgonjwa mwingine.

Mahali pa mtumaji halisi, yaani sehemu ya programu inayotuma ujumbe, awekwe mtumaji bandia asiyetuma chochote. Kazi yake ni kuweka kwenye orodha kila alichopewa: namba, maneno, njia ya kupitia. Django, zana ya kuundia mifumo ya mtandaoni, hufanya hivyo yenyewe kwa barua pepe wakati wa majaribio, na Laravel, zana nyingine ya aina hiyo, ina arifa bandia zake. Kisha jaribio lihesabu: ujumbe ni mmoja tu, namba ni ya mwenye miadi, jina na tarehe vimo. Lithibitishe pia kwamba aliyeomba asitumiwe arifa hakupata chochote. Hilo ndilo husahaulika. Namba za wateja halisi zisiingie kabisa kwenye mashine ya majaribio.

Saa ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Seva nyingi hufuata UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku seva bado iko jana. Simamisha saa ya jaribio kwenye 22:30 UTC, Februari 28, 2025. Kwetu hapo ni saa 7:30 usiku, Machi 1, na risiti ya malipo ya wakati huo lazima isome Machi 1.

Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Programu inayochukua 09:00 ikaandika “saa 9” humleta mama mjamzito kliniki alasiri, wakati aliitwa saa 3 asubuhi. Wengine hutoa 6 kwa kila saa wakadhani wamemaliza. Wapime 06:30, ambayo iwe saa 12:30 asubuhi wala si saa 0:30, na 00:15, ambayo iwe saa 6:15 usiku wala si namba hasi.

Urefu wa ujumbe nao una mtego. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 za alfabeti ya msingi ya GSM, mfumo wa simu za mkononi. Ikiingia alama moja tu isiyokuwamo, kikomo hushuka hadi 70, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye alfabeti hiyo. Ile iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Kwa hiyo jina kama Ng’ang’a likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda, ujumbe wa herufi 150 hugeuka vipande vitatu, na taasisi hulipia vitatu. Jaribio lijaze jina refu lenye ng’, kisha lidai kipande kimoja.

Kwenye malipo, taarifa ya muamala inaweza kuja mara ya pili kama mfumo umechelewa kujibu. Jaribio lipeleke taarifa ile ile mara mbili, kwa namba ile ile ya kumbukumbu, na lidai arifa moja. Kisha livunje uhifadhi wa malipo katikati na kudai arifa sifuri, kwa kuwa ujumbe wa “malipo yamepokelewa” ukitoka kabla hifadhidata haijakamilisha kazi, mteja anashika ushahidi wa malipo ambayo mfumo hauyajui. Mwisho mtumaji bandia akatae mara ya kwanza na kukubali ya pili: malipo yabaki yameandikwa, na arifa ifike.

Kwa saa bandia na mtumaji bandia, hakuna haja ya kusubiri usiku wala kununua salio. Tunaziomba taasisi ziandike majaribio haya kwenye mkataba, na siku ya makabidhiano yaendeshwe mbele ya mpokeaji, kuanzia lile la 06:30.

Waandishi wa programu,
Dar es Salaam