Jina si mguu

Mombasa, 14 Oktoba 2024

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana. Picha za ile amri ya hakimu, ya kumwongezea mwenzako wa chama muda wa kukushtaki, nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Hebu acha kulia kwanza.

Maneno yako kwenye chama uliyasema Mei 2023. Hapa Kenya anayedai kashfa, yaani kuharibiwa jina, ana miezi 12 tu ya kufungua kesi, ndivyo kisemavyo kifungu cha 4 cha Sura ya 22, ile sheria ya ukomo wa muda wa kufungua kesi. Madai mengine ya madhara hupewa miaka mitatu, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Mwenzako alikaa hadi Agosti mwaka huu, akaenda akasikizwa peke yake wewe huna habari, akaongezewa muda kwa kuwa alikuwa Lamu akimuuguza mamake.

Kuuguza mama ni udhuru mkubwa, sibishi. Lakini kifungu cha 27 anachokishikilia kimewekewa watu walioumia miili, kwa uzembe au kwa mtu kutotimiza wajibu wake: aliyegongwa na matatu, aliyekatwa na mashine kazini. Jina si mguu. Na hata hao majeruhi sharti waonyeshe kuna jambo zito la kesi ambalo hawakulijua mapema. Yeye hakujua nini? Si alikuwa ameketi pale pale, akakurushia na kikombe!

Sasa sikiza. Amri ni ya 30 Septemba. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 30, na karibu nusu zishakwenda. Wakili aandike pia ombi la kusimamisha kesi, maana rufaa peke yake haiisimamishi. Utajikuta unaitwa kujitetea huku na huku. Na kwenye hati ya rufaa usiniingizie habari za pesa za chama, nani alikula na nani hakula. Najua ndizo zinazokuwasha. Swali ni moja tu: hakimu alikuwa na uwezo wa kuuongeza muda huo? Ukilizungushia mengine umemsaidia mwenzako.

Na baina yetu, ulimkosea. Mambo ya daftari huulizwa kwa daftari, si mbele ya wanawake 30 na sahani za biriani.

Njoo Alhamisi kabla ya adhuhuri, uje na ile bahasha yenyewe uliyoletewa. Usiitupe.

Wako,
Zuhura