Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kazi zetu na historia ya Ngome ya Amu

Assalaam aleikum wanachama wote, wazee wetu, mama zetu na vijana, mlioko hapa Amu (Lamu) na nyinyi mlioko Mombasa, Muscat, Dubai na kwengineko. Alhamdulillah mwaka umeisha salama. Hesabu za pesa mweka hazina ameziandika kando na ziko kwenye grupu tayari, mwenye swali amuulize yeye moja kwa moja, mimi hapa nitasema kazi tulofanya na kwa nini tumeifanya.

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa moja tu, kuisimulia ngome yetu nzima nzima. Kamati ililiona hili zamani, mgeni akifika Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, anaambiwa ngome ilijengwa na Sultani wa Omani, anapiga picha, anaenda zake. Si uongo, lakini ni kipande, na kipande hicho kinawatoa watu wa Amu kwenye hadithi yao wenyewe, na watoto wetu nao wanakua wanajua hivohivo kwamba kuna watu walikuja wakatujengea. Ndo maana darasa zetu za jioni mwaka huu tulizianza na vita vya Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani, na sio na mwaka ulokamilika ujenzi.

Kwa ambao hamkuhudhuria, nieleze kidogo. Karne ya 18 mwenye nguvu visiwa hivi alikuwa Pate, kisiwa jirani yetu, na kuna mapokezi kwamba hata ngome yenyewe ilianzwa na mfalme wa Pate, Fumo Madi, enzi za mapatano, kisha yeye akafariki mwaka 1809 kabla ghorofa ya kwanza haijamalizika, ikasimama hapo. Baadae mambo yakaharibika, Pate wakashikana na Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, wakaja na jeshi kubwa wakashuka Shela, hii ni kama 1812 au 1813, vitabu vinapishana kidogo. Waamu wakatoka wakawakabili kule mchangani, wale wavamizi waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao ili waondoke na wakavikuta vimepwelewa, maji yamekupwa, hakuna pa kwenda, wakauliwa wengi sana na upepo wa Shela ulikuwa ukifukua mifupa yao kwenye machuguu miaka na miaka baada ya hapo. Vita hivi vilipiganwa na kwa mashairi pia, Mombasa walikuwa na Muyaka bin Haji na upande wetu alikuwepo Bwana Zahidi Mngumi, na jioni ile tulipozungumza mashairi watu walikataa kwenda nyumbani, nimefurahi sana kwa hilo.

Sasa hapa ndipo pazito. Mji umeshinda lakini unaogopa, manake Pate na Mombasa wanaweza kurudi wakati wowote, basi wakubwa wa Amu wakapeleka ujumbe Muscat kwa Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa anatawala Omani tangu 1806, kumuomba ulinzi. Akaleta liwali na askari, wengi wao Mabulushi wa Baluchistani, na ngome ikaendelea kujengwa mpaka ikamalizika kama mwaka 1821. Mawe ni ya hapahapa, mawe ya matumbawe, chokaa imechomwa hapa na boriti zimekatwa kwenye mikoko yetu. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani kaijenga namwambia Sultani alileta amri na bunduki, Waamu wao ndio walioita na ndio waliokuwa na sababu ya kuitaka.

Lakini bei ilikuwa kubwa na mimi nataka tuiseme. Kabla ya hapo mji huu haukuwa na mfalme, ulikuwa ukiendeshwa na wazee wa pande mbili, Zena na Suudi, kwa zamu na kwa mashauriano. Baada ya ngome kukawa na liwali na kodi na askari ambao hawakuwa wakimsikiliza mzee wa mtaa yeyote. Seyyid Said nae akapata pa kuweka mguu pwani ya kaskazini, Amu ndo ikawa mlango wake, Pate ikashuka nguvu na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaanguka, Mazrui wakaisha. Siwalaumu wazee wale hata kidogo, aliyeona jeshi limeshuka Shela ana haki ya kutafuta msaada popote, ila tusiwafundishe watoto kwamba ngome ilikuwa ni zawadi.

Kuna waliosema kwani kulikuwa na njia nyingine, mimi huwa nawatajia Siyu, mji ulioko kisiwa cha Pate. Siyu walikataa. Chini ya Bwana Mataka walipigana na majeshi ya Seyyid Said miaka ya 1840 na wakayashinda, na kamanda mkubwa wa Sultani, Amir Hammad, aliuawa kule, kisha hawakusalimu amri mpaka 1863 wakati wa Sultani Majid. Ngome ya Siyu ipo mpaka leo, na mjadala wa nani hasa aliyeijenga haujaisha, wapo wanaosema ni wao wenyewe Wasiyu na wapo wanaosema ni Sultani. Visiwa jirani kabisa, adui wa mmoja ni mlinzi wa mwingine, na kila mmoja ana ngome. Tukizisimulia pamoja mtu anaelewa zaidi kuliko kumtembeza kwenye kuta tu.

Na hili pia lisemwe japo baadhi yetu halipendezi masikioni. Miaka ya baada ya ngome ndio miaka ya neema Amu, biashara ilifunguka, majumba ya mawe na milango ya nakshi, mashairi, vyombo vinaenda Uarabuni na Bara Hindi kila msimu. Ila mashamba ya bara yaliyolisha neema ile yalilimwa na watumwa, na amani iliyolindwa na ngome ilikuwa ni amani ya mabwana. Mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini ni wa 1873 na utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Wajukuu wa waliolima mashamba yale ni majirani zetu, wengine ni wanachama wa chama hiki, hadithi isiyokuwa na wao mimi siitaki.

Kazi ya pili ilikuwa kurekodi wazee kuhusu jela. Mnajua serikali ya kikoloni iliifanya ngome kuwa jela mwaka 1910 na ikabaki jela hata baada ya uhuru mpaka 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikatengenezwa kwa msaada wa Waswidi na ikawa kama tunavyoijua. Yaani jela imekaa miaka zaidi ya sabini, na waliokula kiapo cha uaskari pale au waliokuwa na ndugu ndani wangali hai ila si wengi. Kwenye kamati palikuwa na ubishi, wengine waliona ni aibu tuiache, na kusema kweli mimi nilisimama kidete kwamba irekodiwe, kwa sababu vita vya Shela vimeandikwa na wataalamu kadhaa wakati hawa wazee hakuna aliyewaandika. Vijana wetu wamekaa nao na simu zao, wameuliza kwa adabu, aliyetaka jina lake lisitajwe halikutajwa. Sauti ziko kwenye kompyuta ya chama na nakala ziko sehemu mbili tofauti.

Ya tatu ni chokaa. Ukuta wa matumbawe unapumua, maji ya chumvi yanapanda na kushuka ndani yake kila siku, ukiupaka chokaa unyevu unatoka, ukiupaka saruji unyevu unafungika ndani, chumvi inakula jiwe na baada ya miaka plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Hili ni kwa ngome na ni kwa nyumba zetu, na kila mwaka naona nyumba za zamani zikisirubiwa saruji kwa sababu ni rahisi na fundi wa chokaa hapatikani. Kwa hiyo tuliwaomba mafundi wazee wakae na vijana, kuanzia kuchoma mawe, kuizima chokaa, kuilaza, mpaka kupiga lipu. Vijana walikuja, na wasichana nao walikuja jambo ambalo baadhi ya wazee hawakulitarajia, na kazi waliyoifanya ni safi.

Shule zimetembelea kama miaka yote. Kinachowashangaza watoto zaidi ni kuambiwa kwamba zamani bahari ilikuwa karibu kabisa na ngome na kwamba uwanja wote wa mbele na usita (njia) wa pwani ni ardhi ilojazwa baadae, wanasimama pale mlangoni wanatafuta bahari wanaona maduka. Ukishawaonyesha hilo wanaelewa wenyewe kwa nini iliwekwa pale, ilikuwa inatazama majahazi yanayoingia.

Mwaka ujao. Kamati inapendekeza safari ya Siyu kwa wanachama, chombo kitakodiwa kulingana na idadi kwa hiyo jiandikisheni mapema na mjue kule maji yakikupwa hamna kuingia kwenye mkondo, tutafuata maji na sio saa zetu. Pili tunataka ada ya mwaka ibaki ileile ila asilimia ya kununulia chokaa iongezwe, hilo litapigiwa kura. Tatu, nyinyi mlioko Uarabuni, majumbani mwenu huko kuna picha na barua za babu zetu, piga picha safi mtumie katibu kwa wasapu, andika nani yumo na mwaka kama unajulikana. Nne, nafasi ya katibu msaidizi iko wazi na ningependa achukue mmoja wa wale vijana waliorekodi wazee. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu.