Kucha tunakata, masharubu hatugusi

Juzi mama mmoja mwenye ghala la mahindi Kisenyi, mtaa wa Kampala, alituletea paka wake. Tulimpima, hana homa, na mukene (dagaa wakavu) anakula hadi anaramba sahani. Lakini mama akasema, "Daktari, huyu amekuwa kama mlevi." Akiruka juu ya magunia anakosea, kichwa anagonga mlangoni, panya wanampita. Tulipomtazama usoni tukaelewa: watoto walimnyoa masharubu ili apendeze siku ya Idi.

Sharubu lenyewe halina hisia. Likikatwa haliumi, kama kucha tu. Kazi yote iko chini, kwenye shina, ambalo limezama ngozini karibu mara 3 zaidi ya shina la unywele wa kawaida, tena limezungukwa na kifuko cha damu na mishipa mingi ya fahamu. Hata upepo mdogo ukilisukuma, ubongo unapata habari. Ndivyo paka anavyopita gizani kati ya magunia: anaihisi hewa inavyopinda kwenye vizuizi, na anajua kama upenyo unamtosha kabla hajaingiza mwili.

Kuna jambo wateja wengi hubisha. Paka, pamoja na sifa zote za macho yake, haoni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 30 hivi kutoka puani. Akishamkaribia panya, masharubu ndiyo yanasogea mbele na kumpapasa, paka ajue amng'ate wapi. Ukimnyoa paka wa ghala, mukene wako unampa bure.

Kila upande wa pua huwa na kama 12, na mengine yako juu ya macho, kidevuni, hata nyuma ya miguu ya mbele. Ukiokota moja sakafuni usihofu, hudondoka na kuota jingine. Kung'oa ndiko kunakouma sana. Yakidondoka mengi kwa pamoja, au mdomo ukivimba, mlete tumwone.

Kwa hiyo hapa kwetu tunaogesha, tunakata kucha, tunachanja kichaa cha mbwa (ndiyo, paka naye huchanjwa). Masharubu hatukati hata ukiongeza pesa. Wanaotuuliza bakuli pana "za kutunza masharubu", hatuuzi. Kifuniko cha ndoo kinatosha.

Yule wa Kisenyi hatukumpa dawa. Tulimwambia mama asihamishehamishe magunia kwa wiki kadhaa, na usiku amfungie ndani mpaka yaote. Mkasi, alisema, ameshauficha.