Asante, fundi wa siti wa Mbuyuni

Kaka yangu, jina sikukuuliza, nisamehe. Mimi ndiye niliyeshuka kwenye pikipiki nyekundu nimeshika kiuno. Kila wiki natoka Moshi kwenda Arusha, kilomita 80 hivi, na nikifika Kikatiti tu makalio yameshakufa ganzi.

Nilitaka uongeze sponji laini. Ukalibonyeza kwa kidole gumba mpaka likagusa chini. "Hili linalala, baada ya saa moja unakalia plastiki." Ukaweka gumu, ukalichonga kwa kisu pale mbele palipokuwa pananiteremsha kwenye tangi, ukanikalisha mara tatu kabla ya kushona kava. Na foleni ya wateja ilikuwepo!

Jana nimekwenda na kurudi, nikashuka nimenyooka. Mungu akuzidishie, kaka. Mama watoto naye anakushukuru sana.