Viatu miguuni

Mwanga, Kigoma

Mwanangu Hamisi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hadithi yako ya wakimbizi nayo nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani ya baba yako, maana herufi za simu zinanichosha macho.

Kijiji cha Kagunga umekipatia. Mlima nyuma, ziwa mbele, barabara hakuna, na ile Mei ya 2015 Warundi maelfu kwa maelfu wamebanana ufukweni, kipindupindu kimewaingilia. Hata meli ya Liemba umeieleza vizuri, inavyotia nanga mbali na watu wakaifuata kwa mitumbwi. Ila huyo mama wa kwenye hadithi, mwanangu! Jina lake sijalijua bado, mume ameshauawa, yeye ameshabakwa, mtoto ameshazikwa. Na lile la porini umelipa ukurasa mzima, mpaka nguo zilivyochanika. Nikaweka simu chini. Sikulia, nilichoka tu.

Mimi nilikuwepo pale uwanja wa Lake Tanganyika, tukiwapelekea uji wakimbizi walipokuwa wanangoja mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Unajua walinicheka? Kiha na Kirundi tunasikilizana, lakini kuna neno nililitamka, wakashika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ndiye niliyemwona magharibi ile akiwalaza wanawe na viatu miguuni, kamba kazifunga mafundo mawili mawili. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Hadi leo nikimvua mjukuu viatu namkumbuka.

Kwenye hadithi yako hakuna hata mmoja anayecheka. Hakuna anayegombania ndoo wala kuulizia chumvi. La porini usilifiche, lilitokea kwa wengi, lakini sentensi moja inalitosha, kisha mwache mama wa watu asimame akatafute maji. Waliopita njia ile nao watakusoma, na wao hawahitaji kuonyeshwa.

Halafu yule mwenye kovu shavuni mbadilishe kabisa. Nilikusimulia jikoni tukimenya mihogo, na halikuwa langu la kugawa. Yuko Kasulu, watu wanamjua kwa kovu lile, na mwanawe anasoma kila kitu kwenye simu.

Ukiiandika upya, nitumie kwanza sehemu ya pale uwanjani. Dagaa kilo mbili nimempa dereva, wahi kuzichukua stendi ya Mbezi.

Mama yako